Vigogo wanapoondoka: Funzo la njia ya misafara ya Tabora

MWAKA 1890, mfanyabiashara aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika njia ya misafara kati ya pwani na Kongo alifunga mizigo yake katika Maporomoko ya Stanley, mahali panapoitwa leo Kisangani, akaanza safari ndefu ya kurudi Unguja. Jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, lakini watu wa bara walimjua zaidi kwa jina la Tippu Tip.

Nyuma yake aliwaachia jamaa na makamanda wake vituo, maghala ya pembe, bunduki na maelfu ya watu waliokuwa chini ya amri yao. Kwa macho ya mpita njia, hakuna kilichopungua isipokuwa mtu mmoja. Hata hivyo, Tippu Tip hakurudi tena bara, na miaka minne baadaye nyumba yake ya biashara huko Manyema ilikuwa imesambaratika.

Waswahili husema mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Siku hizi maneno ya namna hiyo husikika hata katika biashara ambayo wazee wa misafara wasingeweza kuiota, yaani utengenezaji wa michezo ya video. Kila vigogo wa kampuni kubwa ya michezo hiyo wanapotangaza kuondoka, wachezaji, wafanyakazi na wenye hisa huulizana swali moja: Je, kinachobaki ni kampuni yenyewe au ni jina lake tu?

Historia ya Tabora na njia yake ina mengi ya kujibu swali hilo, kwa sababu hapa vigogo waliondoka mara nyingi, kwa kufukuzwa, kwa kufa, kwa kuitwa kwingine na kwa kuhamia upande wa pili.

Mji wa njia panda

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kitovu cha biashara ya bara. Kutoka Bagamoyo, njia ilipanda kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, mwendo wa kilometa zipatazo 800. Hapo iligawanyika: tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, jingine lilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na jingine likashuka kusini kuelekea Katanga.

Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, mahali hapo palijulikana kwa jina la Kaze, na walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara mwenye asili ya Omani, aliyewapatia nyumba na kuwaeleza habari za nchi zilizo mbele.

Mapokezi hayo yanaonyesha jinsi biashara yenyewe ilivyokuwa. Mgeni hakuhitaji ghala pekee, bali mtu wa kumwambia ni mtemi yupi anapokea hongo kwa nguo za aina gani, ni kisima kipi kimekauka, na ni ushanga wa rangi gani usiopokelewa tena mbele ya safari. Ushanga uliopendwa mwaka jana uliweza kukataliwa mwaka huu, na mwenye mzigo huo akabaki njiani bila chakula. Maarifa ya namna hiyo yalikaa vichwani mwa watu wachache.

Mali isiyoonekana ghalani

Msafara mkubwa ulikuwa na ngazi zake. Mbele alitangulia kirangozi, aliyebeba bendera na kuamua mwendo, mahali pa kupumzika na mahali pa kulala. Nyuma yake walikuja wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 au zaidi wa merikani, kaniki, masango ya waya au ushanga. Wakati wa kurudi pwani mzigo huo ulikuwa pembe za ndovu. Wapagazi waligawanywa katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na mnyampara wake.

Mnyampara ndiye aliyejua nani ni mgonjwa, nani ana deni na nani anafikiria kutoroka. Wapagazi wa Kinyamwezi walioajiriwa kwa mapatano walimfuata mtu waliyemwamini kwamba atalipa posho na kuwarudisha makwao kabla ya msimu wa kulima. Imani hiyo ikivunjika, waliweka mizigo chini usiku na asubuhi haikuwa na mbebaji. Kutoroka kulikuwa silaha yao kubwa dhidi ya tajiri.

Upande wa pwani hali ilikuwa hivyohivyo. Wenye fedha wa Unguja, wengi wao Wahindi, waliwakopesha wasafiri bidhaa kwa miaka kadhaa kabla ya kuona pembe hata moja. Taria Topan, aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa kisiwa hicho, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Dhamana ya mkopo wa aina hiyo ilikuwa sifa ya mkopaji na ukoo wake.

Kwa hiyo, mtu wa juu katika nyumba ya misafara alipoondoka, hesabu ya ghalani haikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni kwamba mkopeshaji alianza kusita, mtemi akataka hongo mpya, na mnyampara akajiuliza kama bado ana sababu ya kungoja. Hasara ilianza kuonekana miezi mingi baadaye, wakati ambapo ilikuwa vigumu kuizuia.

Fundikira na mrithi wake

Tabora yenyewe ilionja jambo hilo mapema. Ufalme wa Unyanyembe ulikuwa chini ya mtemi Fundikira, ambaye aliishi kwa maelewano na wafanyabiashara wa pwani. Maelewano hayo yalitiwa nguvu kwa ndoa: baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, aliyekuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, alimwoa Karunde, binti wa mtemi huyo.

Baada ya Fundikira kufariki mwishoni mwa miaka ya 1850, kiti kilishikwa na Mnywa Sele. Mtemi mpya alitaka kutoza kodi bidhaa zilizoingia nchini mwake, jambo ambalo wafanyabiashara walilikataa. Mwaka 1860 walimsaidia mpinzani wake, Mkasiwa, kushika kiti, na Mnywa Sele akafukuzwa.

Walioandaa mpango huo walidhani wamebadilisha mtu na kubakiza mambo mengine yote. Haikuwa hivyo. Mnywa Sele aliondoka na wafuasi wake na ujuzi wake wa njia, akaitumia nchi aliyoifahamu kuivamia misafara ya waliomtoa. Speke aliporudi Kaze mwaka 1861 alikuta vita vimetanda na wapagazi wamekuwa adimu. Snay bin Amir, mwenyeji wake wa zamani, aliuawa katika vita hivyo. Mnywa Sele naye aliuawa mwaka 1865, baada ya miaka mitano ya kuisumbua njia.

Funzo la kisa hicho ni kwamba mkubwa anayefukuzwa hatoki mikono mitupu. Huondoka na watu wanaomwamini na kujua udhaifu wa nyumba aliyoitumikia.

Dola la mtu mmoja

Magharibi ya Tabora, huko Urambo, alitokea mtu aliyejenga dola yake kwa kasi isiyo ya kawaida. Mirambo, aliyezaliwa yapata mwaka 1840, aliunganisha tawala ndogo za Wanyamwezi kwa nguvu za vijana wapiganaji walioitwa rugaruga. Mwaka 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya kwenda Ujiji na kuushambulia mji wenyewe. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alijiunga na Waarabu katika vita hivyo, nao wakashindwa, ikambidi azunguke kusini ili afike Ujiji.

Mirambo alishika ufunguo wa biashara kwa zaidi ya miaka kumi. Alijua kupigana na alijua pia kupatana. Aliandikiana barua na wageni, akawapokea wamisionari na kushughulikia njia kama mwenye nyumba. Lakini dola hiyo haikuwa na baraza lenye nguvu wala utaratibu wa kurithishana uliokubaliwa na tawala zote zilizotekwa. Watemi wa chini walimtii yeye binafsi, na rugaruga walimfuata kwa sababu alikuwa na mafanikio na ngawira.

Alifariki Desemba 2, 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, alipata kiti lakini hakupata utii. Tawala zilizounganishwa kwa nguvu zilianza kujitoa moja baada ya nyingine, na kabla ya karne kwisha dola ya Mirambo ilikuwa imebaki simulizi. Urambo haikukosa wapiganaji baada ya 1884, ila ilimkosa mtu ambaye wapiganaji hao wangekubali kupangwa naye.

Nyumba ya Tippu Tip

Nyumba ya Tippu Tip ilionekana kuwa imara zaidi, kwa kuwa yeye aligawa madaraka. Alipoondoka mwaka 1890, Maporomoko ya Stanley yalibaki mikononi mwa mpwa wake, Rashid bin Muhammed. Kasongo, makao makuu ya Manyema, ilikuwa chini ya mwanawe, Sefu. Ujiji na pwani ya Ziwa Tanganyika ilikuwa eneo la mshirika wake, Muhammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza. Upande wa Mto Lomami, huko Ngandu, alikuwapo kamanda wake mkuu, Ngongo Lutete, ambaye katika utoto wake alikuwa mtumwa.

Mgawanyo huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Kila mmoja kati ya wanne hao alikuwa na uhusiano na Tippu Tip mwenyewe, lakini si lazima na wenzake. Yeye ndiye aliyeamua nani apate kiasi gani cha pembe, nani aombwe radhi na nani apewe onyo. Isitoshe, tangu mwaka 1887 alikuwa gavana wa Maporomoko kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mapatano aliyotia saini Unguja mbele ya Stanley. Alikuwa kiungo kati ya nyumba yake na dola iliyotaka pembe zilezile zishuke kwa Mto Kongo hadi Atlantiki, badala ya kubebwa mabegani kupitia Tabora hadi pwani ya mashariki.

Stanley ndiye pia aliyemfungulia mashtaka Unguja, akidai kwamba hakutimiza ahadi ya kutoa wapagazi kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Shauri hilo lilikuwa miongoni mwa sababu za safari yake ya kurudi, na alifika kisiwani mwaka 1891.

Bila yeye, kiungo kilikatika pande zote. Mwaka 1892 Ngongo Lutete, baada ya kushindwa vitani na majeshi ya Dola Huru, alipatana nayo na kuhamia upande wake. Sefu alidai akabidhiwe kamanda huyo, akakataliwa, na vita vikaanza. Ngongo aliijua mito, vijiji na mbinu za mabwana zake wa zamani, na aliwaleta wapiganaji wake kupigana nao. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo ikafuata Aprili. Sefu aliuawa mwaka huohuo, na Rumaliza alishindwa mwanzoni mwa 1894, akakimbilia ng'ambo ya ziwa.

Itakuwa kosa kusema kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoleta yote hayo. Wazungu walikuwa wamekwisha kuigawa Afrika, nao walikuja na bunduki bora na fedha nyingi. Mwaka uleule wa 1890 Emin Pasha, akiwa sasa katika utumishi wa Ujerumani, alipandisha bendera ya nchi hiyo Tabora, na Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kutekwa na Wajerumani. Lakini kasi ya kuanguka kwa Manyema ilitokana na nyumba iliyokuwa tayari imegawanyika.

Wala haifai kuililia nyumba hiyo bila kukumbuka msingi wake. Pembe nyingi za Manyema zilipatikana kwa mashambulizi na kwa nguvu za watu waliotekwa na kufanywa watumwa. Kwa familia zilizochomewa vijiji, kuondoka kwa vigogo hao hakukuwa msiba. Msiba ulikuwa kwamba waliochukua nafasi yao walileta utawala wa Leopold, uliowatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira.

Waliokuja nao hawakujifunza. Septemba 1893 maofisa wa Dola Huru walimshtaki Ngongo Lutete kwa usaliti, wakampiga risasi. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa watu wake, waliasi. Aliyedhani ameondoa mtu mmoja alijikuta amepoteza kikosi.

Kutoka pembe hadi programu

Kampuni ya michezo ya video inafanana na nyumba ya misafara kwa jambo moja la msingi: mali yake kubwa haionekani. Majengo ni ya kupanga, kompyuta hununuliwa popote. Mchezo mmoja mkubwa huweza kuchukua miaka mitano au zaidi na kuhitaji mamia ya wachoraji, waandishi wa programu, watunzi wa muziki na wasimulizi. Kiongozi mwenye uzoefu ndiye anayejua kipi kitupwe na kipi kisubiriwe, na vijana wengi hujiunga kwa sababu ya jina lake.

Machi 2010 kampuni ya Activision iliwafukuza Jason West na Vince Zampella, viongozi wa Infinity Ward, miezi michache baada ya mchezo wao, Call of Duty: Modern Warfare 2, kuuzwa kwa mamilioni. Mwezi uliofuata wawili hao walianzisha kampuni mpya, Respawn, na makumi ya wenzao waliwafuata. Kesi kati ya pande hizo ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2012. Msomaji wa habari za Mnywa Sele hatashangaa.

Huko Edmonton, Kanada, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. BioWare, iliyoanzishwa mwaka 1995 na madaktari wa tiba, iliagana na waasisi wake Ray Muzyka na Greg Zeschuk mwaka 2012, miaka kadhaa baada ya kuuzwa kwa Electronic Arts. Wengi walitabiri mwisho. Miaka miwili baadaye Dragon Age: Inquisition ulitunukiwa tuzo ya mchezo bora wa mwaka, kwa sababu ngazi ya pili ya viongozi ilikuwa imekaa kazini muda mrefu. Desemba 2020 wawili kati ya hao, Casey Hudson na Mark Darrah, nao waliondoka, na mchezo uliofuata wa mfululizo huo ulitoka mwaka 2024 tu, miaka kumi baada ya uliotangulia.

Katika kampuni changa hatari ni kubwa zaidi. Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, ilianza kwa mabega ya watu wawili. Kwa nyumba ya ukubwa huo, kuondoka kwa mmoja ni kuondoka kwa nusu ya msafara.

Kilichobaki Tabora

Tabora yenyewe haikufa. Snay bin Amir, Mkasiwa, Isike, Mirambo na Tippu Tip wote waliondoka, na huyu wa mwisho alifariki Unguja mwaka 1905, baada ya kuandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mji uliendelea kwa sababu haukuwa mali ya nyumba moja. Njia panda ilibaki, soko lilibaki, na Wanyamwezi walikuwa wamejenga desturi ya safari iliyorithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kiasi kwamba kirangozi akifa palikuwa na mwingine aliyewahi kutembea nyuma yake.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Iliifuata sehemu kubwa ya njia ya wapagazi, ikawanyima kazi, lakini ikaukuta mji uko palepale.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya nyumba iliyoyumba na iliyosimama. Misafara iliyodumu ni ile ambayo kirangozi alitembea na kijana nyuma yake, akimwonyesha visima na kumtambulisha kwa watemi kwa jina. Iliyopotea ni ile ambayo mkubwa alishika kila kamba mkononi mwake, akidhani kwamba kutegemewa na kila mtu ndiyo nguvu.

Anayetaka kujua hali ya kampuni baada ya vigogo wake kuondoka, iwe ya michezo ya video au duka la jumla mjini, hana haja ya kuanza na taarifa ya kuaga na shukrani zake. Aangalie ni nani aliyekuwa akitembea nyuma yao, kwa muda gani, na kama wapagazi bado wamebeba mizigo yao asubuhi inayofuata.